Skrubu Nane Zenye Utepe Mweupe

Simu ilikuwa imelazwa kifudifudi juu ya kitambaa cha kijani, na mgongoni imebandikwa karatasi nyekundu yenye maneno mawili: DHAMANA IMEKUFA.

"Imekufa lini?" mpelelezi aliuliza huku akitua mkoba wake.

"Leo saa mbili na nusu asubuhi," fundi mkuu wa karakana alijibu. "Nimeizika mwenyewe."

Fundi mkuu huyo wenzake walimwita Muhuri, kwa kuwa hakuna kitu alichokipenda duniani kama kugonga muhuri. Mpelelezi naye alikuwa mama wa makamo aliyewakimbiza wezi miaka ishirini na miwili katika jeshi la polisi, kisha akastaafu na kuajiriwa na kampuni hii inayouza simu ngumu za kazi, zile zenye kona za mpira zinazobebwa na watu wa migodini na mitaroni. Kazi yake ilikuwa kuchunguza madai ya dhamana yenye utata. Walimwita Hadubini, nyuma ya mgongo wake, na yeye alijua.

"Nieleze taratibu, mzee wangu."

"Hakuna cha taratibu hapa. Huyu ni fundi bomba wa idara ya maji. Anasema simu ilimtumbukia kwenye chemba ikazima. Haya, nikafungua skrubu moja tu ya mgongoni. Tazama nilichokuta."

Aliinua kwa kibano skrubu ndogo, ndogo kabisa, iliyovishwa kitu cheupe.

"Utepe wa mabomba!" Muhuri alisema kwa furaha ya mtu aliyeokota ushahidi bila kuinama. "Ule wanaouzungusha kwenye meno ya bomba lisivuje. Mtu kauzungusha kwenye skrubu za simu. Nimechungulia zote nane, zote zimevishwa. Miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, kituko kama hiki sijakiona."

"Na unazuia maji kweli?"

"Wapi! Matundu ya hizi skrubu hayafiki hata ndani ya simu. Maji yanazuiwa na ukanda wa mpira uliozunguka kifuniko. Huu utepe ni pambo tu. Sasa niambie, nani anayetembea na utepe wa mabomba mfukoni? Fundi bomba. Kesi imekwisha. Weka sahihi yako hapo, nigonge."

Muhuri wenyewe alikuwa nao mkononi tayari, na wino umeshakolea.

Hadubini hakuweka sahihi. Alivuta fomu akaisoma mstari kwa mstari. Chini kabisa mwenye simu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kwamba hakukifungua kifaa hicho wala hakumpa mtu yeyote akifungue. Nyuma ya fomu ilibanwa barua ya idara ya maji: wanasubiri ripoti kabla ya saa nane mchana, na ikithibitika kwamba mtumishi wao alifungua kifaa cha kazi kisha akatia sahihi ya uongo, ataondolewa kwenye kikosi cha dharura na kupelekwa stoo.

"Yuko wapi huyu mama?"

"Benchi la nje, tangu saa moja. Nimemwambia aende nyumbani, kaniangalia kama bomba lililopasuka."

Hadubini alivuta taa karibu, akaiweka ile skrubu chini ya kioo cha kukuzia na kuitazama mpaka Muhuri akaanza kukohoa. Kisha akatoa daftari na kuandika mambo matatu. La kwanza, ncha ya utepe ilikuwa imenyooka twaa, haina hata mchaniko mmoja. La pili hakuliandika kwa maneno, alichora skrubu na mshale mdogo kuonyesha utepe ulikozungukia. La tatu, katikati ya mikunjo ulikuwa umenaswa uzi mwembamba wa zambarau, si mrefu kuliko kope.

"Umeona nini?" Muhuri aliuliza.

"Nimeona koti lako halina kifungo cha pili. Rudisha skrubu ilipokuwa na usiguse nyingine. Nakuja."

Fundi bomba alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mabega mapana, buti zenye tope kavu, na kando yake mkoba wa vifaa. Alisimama mara alipomwona mgeni.

"Mimi ndiye ninayeshughulikia simu yako," Hadubini alisema. "Lakini kabla ya hapo, dada, nina shida. Bomba la sinki la chumba chetu cha chai linadondosha tangu mwezi uliopita. Linatutoa roho. Unaweza kulitazama tukiwa tunaongea?"

Uso wa yule mama ukafunguka. Tangu asubuhi hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa jambo analolielewa. Waliingia chumba cha chai. Alifunga maji chini ya sinki, akalegeza bomba, akalikagua meno yake na kuguna.

"Nani alilifunga hili? Mshona viatu?"

"Fundi wetu mkuu."

"Basi abaki na simu."

Alitoa kibunda cha utepe mweupe mkobani. Hadubini aliegemea mlango, macho hayatoki mikononi mwake. Fundi bomba alizungusha utepe mara tano bila hata kutazama, akaukata kwa kuuvuta na kidole gumba, pwa! Ncha ikabaki imenyongeka na kuchanika. Alipokwisha kulaza ncha hiyo kwa kucha, alirudisha bomba mahali pake na kukaza.

"Ilitumbukia wapi simu?" Hadubini aliuliza.

"Chemba ya valvu, njia panda ya soko. Bomba kubwa lilikuwa limepasuka, mtaa mzima hauna maji. Nimeinama nifunge valvu, simu ikachomoka mfuko wa kifuani."

"Maji kina gani?"

"Yalinifika gotini. Niliiokota nimehesabu mpaka kumi na mbili. Kadi yao ya dhamana inasema mita moja na nusu, nusu saa nzima. Mimi sikufika hata nusu dakika! Nikaifuta, ikawaka, ikazima, basi."

"Kabla ya siku hiyo ilikuwa na tatizo?"

"Sauti tu. Mwezi mzima kila aliyenipigia alikuwa kama ananong'ona. Halafu Jumatatu wiki iliyopita ikarudi yenyewe, watu wakaanza kunipigia kelele sikioni. Nikajua mtandao umetengemaa."

Kalamu ya Hadubini ilisimama. "Jumatatu. Na Jumapili ilikuwa wapi hiyo simu?"

"Nyumbani, kwenye meza. Mimi nililala mchana kutwa, nilikuwa nimechoka hoi."

"Nyumbani kuna nani mwingine?"

"Mume wangu. Pacha wetu wako shule ya bweni." Kisha akaelewa swali lilikokuwa linaelekea, akaangua kicheko. "Baba Pacha? Afungue simu? Mama, yule ni fundi cherehani. Balbu ikiungua ananisubiri mimi nirudi. Kama unatafuta mtu, kuna fundi tunayemwita Daktari wa Simu pale kwenye geti la idara yetu. Ijumaa kabla ya hapo nilimwachia anichajie, na yule akiona skrubu mikono inamwasha."

Alifungulia maji. Yalitoka, yakafungwa, na sinki likanyamaza. Hakucheka tena.

"Dada yangu, niambie ukweli," alisema. "Wanataka kunipeleka stoo, siyo? Nikahesabu viungio kwenye rafu?"

"Ndicho wanachotaka."

"Miaka kumi na saba niko mitaroni. Stoo nitakufa kwa kukauka."

Hadubini aliangalia saa yake. Ilikuwa saa nne kasoro.

Kibanda cha Daktari wa Simu kilikuwa umbali wa kutembea, kimejaa vioo vilivyopasuka, waya na gundi. Mwenyewe alikuwa kijana mnene mchangamfu, lenzi imebanwa jicho moja, na alipoona kitambulisho cha kampuni aliinua mikono juu.

"Zile ngumu zenu sifungui, mama! Nimeacha."

"Kwa nini umeacha?"

"Ukifungua ukanda wake wa mpira ovyo haurudi sawa. Nilizamisha moja ya mchimba mchanga, alitaka kunizamisha na mimi."

"Na ungefungua, skrubu ungezifunga vipi?"

"Kwa bisibisi, mama. Kwani kuna njia nyingine?"

"Usingezungushia utepe wa mabomba?"

Daktari alitoa lenzi jichoni ili amtazame vizuri. Alipoona hatanii, akacheka mpaka kibanda kikatikisika. "Utepe? Kwenye skrubu ya simu? Hata mwanafunzi wangu wa kwanza, aliyechomea betri mezani, hakufika huko! Mimi nagusisha tone la gundi nyeusi, nenda zako."

Hadubini alitazama simu zilizopangwa kwenye kaunta. Kweli, kila moja ilikuwa na alama nyeusi ya gundi, kubwa kuliko ilivyohitajika. Mtu wa tabia hiyo hakai nusu saa kuvisha skrubu nane nguo nyeupe.

"Sawa. Bisibisi ya nyota ya simu zetu unayo?"

"Ninayo moja tu. Imerudi juzi juzi kwa mwenye kuiazima." Aliifungua droo. Bisibisi ndogo ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa cha zambarau, kitambaa kimeshonwa kabisa kikawa kifuko kama kijaluba, chenye kifungo na tundu lake. "Ona huyu mzee alivyo na adabu. Nimemwazima chuma kitupu, kakirudisha kimevaa suti."

"Mzee gani?"

"Simjui jina. Alikuja Jumapili mchana, futi ya kupimia nguo inaning'inia shingoni, akasema ana mashine yake inataka kufunguliwa."

Hadubini aliomba kuazima kile kijaluba.

Karakana ya fundi cherehani ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Sare za shule za zambarau zilining'inia toka ukutani mpaka mlangoni. Mwenye duka, mzee mwembamba mwenye miwani iliyoteremka puani, alikuwa amevaa koti la heshima na kofia, kama mtu anayejiandaa kwenda msibani. Cherehani ilikuwa imefunikwa.

"Tumefunga leo, dada," alisema kwa upole. "Nina safari."

"Ya wapi?"

"Kujisalimisha."

Hadubini aliweka kijaluba mezani. Mzee alikitazama, akavua kofia na kukaa kitako juu ya kitambaa alichokuwa amekipasi.

"Nimekamatwa, siyo?"

"Bado. Nieleze kwanza, maana kazi yangu ni kuuliza. Nitakwambia ninachokijua, halafu wewe uniambie kilichobaki. Aliyefungua ile simu aliukata utepe kwa mkasi mkali, mafundi bomba wanaukata kwa gumba. Aliacha uzi wa zambarau ndani yake. Na aliuzungusha kinyume. Fundi bomba anauzungusha kuelekea upande wa kukaza, ili ukikaza ukazike nao. Huu ukikaza unafumuka. Mkeo hata angekuwa usingizini asingeuzungusha hivyo. Kwa hiyo nilimtafuta mtu anayeishi na fundi bomba, aliyemwona akifanya mara elfu, lakini hajawahi kufanya."

"Mara elfu ngapi!" mzee alisema. "Jikoni, bafuni, hata harusini kwa dada yangu aliinuka akafunga bomba la watu. Nami nilijua nimeiga vizuri."

"Kwa nini uliifungua?"

Fundi cherehani alikunja futi yake, akaikunjua.

"Nina kawaida ya kumpigia saa sita. Namuuliza amekula nini, pacha wameandika nini, jioni nipike nini. Miaka yote anajibu, tunacheka. Mwezi uliopita kila nikiuliza, anasema 'Eeh.' Unataka maharage? Eeh. Au wali? Eeh. Nikamwambia nyumba inaungua. Eeh! Dada, nilifikiri amenichoka." Alicheka kidogo, kwa aibu. "Jumapili amelala, nikaichukua simu nikaitazama. Tundu la spika limejaa tope kavu. Nilifurahi kupita kiasi. Kumbe ni tope tu!"

"Ukaifungua."

"Kwa uangalifu, naapa. Nilitandika kitambaa cheupe, kila skrubu nikaiweka mahali pake kwa mpangilio. Ule mpira sikuuvuta, niliuinua kwa ncha ya sindano butu, nikaufuta vumbi, nikaurudisha kwenye mfereji wake. Kushona bila kuvuta kitambaa ndiyo kazi yangu. Spika nikaisugua kwa brashi. Utepe nikauongeza ili pawe imara, kwa heshima ya kazi yake. Ndipo nikasoma kadi. Imeandikwa ukifungua, dhamana hakuna. Nikanyamaza." Machozi yakamlengalenga. "Siku ya tatu ikatumbukia, ikafa. Mimi ndiye niliyeitoboa. Leo asubuhi ameondoka anasema, 'Mimi sijagusa, wataniamini.' Na mimi nimesimama hapo na sufuria, mdomo umefungwa."

"Vaa kofia yako," Hadubini alisema. "Bado hatujui kama wewe ndiye uliyeiua."

Saa saba kasoro robo walikuwa karakana ya simu. Fundi bomba alipomwona mumewe akiingia na koti la heshima, alisimama.

"Baba Pacha? Kuna nini? Watoto wazima?"

"Wazima, Mama Pacha. Kaa kwanza. Mimi nitasimama."

Hadubini alimgeukia Muhuri. "Kadi yetu inasema nini hasa kuhusu kufungua? Isome yote."

Muhuri alikuwa anaijua kwa moyo. "Dhamana haigusi uharibifu unaotokana na kifaa kufunguliwa na mtu asiyeidhinishwa. Imefunguliwa. Basi."

"Uharibifu unaotokana na huko kufunguliwa. Umepima kama umetokana nako?"

Muhuri alitazama vifaa vyake vya kupimia. "Simu iliyofunguliwa hatupimi. Hatujawahi kupima. Ikifunguliwa, nagonga."

"Leo pima."

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, Muhuri aliweka simu iliyofunguliwa na mtu wa nje ndani ya chombo chake cha kioo, akajaza maji, akafunga mfuniko na kuwasha pampu ya kunyonya hewa. Palipo na tundu, hewa ya ndani ya simu ingetoka kwa mapovu. Wote wanne wakainamisha vichwa. Fundi cherehani alikuwa amefumba macho.

"Angalieni kwenye kifuniko," Muhuri alisema, akisonta kwa kalamu. "Hapa mgongoni ndipo yatakapotokea. Sasa hivi."

Walingoja. Mgongo wa simu ulikaa kimya. Hapakuwa na povu hata moja kuzunguka kifuniko, wala kwenye skrubu yoyote kati ya nane.

"Ongeza," Hadubini alisema.

Muhuri akaongeza. Ndipo povu dogo likachungulia ubavuni, penye kitufe cha machungwa cha kuwashia tochi, likafuatwa na jingine, kisha yakatoka mfululizo kama uzi wa shanga.

Muhuri alizima pampu, akaitoa simu, akaifuta na kukaa nayo chini ya taa. Kitufe kile hakifikiwi kwa mgongoni. Kilikuwa na kibanio chake, na juu ya kibanio nukta ya rangi ya kijani ambayo mkaguzi wa kiwandani huidondosha akishamaliza kazi. Nukta ilikuwa nzima. Muhuri aliikata kwa wembe, akachomoa kitufe, akatoa pete ya mpira iliyokuwa chini yake. Pete ilikuwa imebanwa vibaya siku ya kwanza ilipofungwa, na upande mmoja umekatika.

"Kiwandani," alisema kwa sauti ya chini. "Hii ni yetu."

"Na kifuniko?"

Muhuri alifungua mgongo wa simu, akatembeza kidole juu ya ukanda wa mpira, kisha akaisogeza spika kwenye mwanga. "Umekaa vizuri kuliko ninavyoukalisha mimi," alikiri. "Wavu wa spika haujakwaruzwa hata kidogo. Nani aliyefanya kazi hii?"

"Mimi," fundi cherehani alisema. "Jumapili. Mke wangu hakujua. Nilitaka tu anisikie."

Fundi bomba alimtazama mumewe. Alitazama spika. Hadubini aliona anayapiga hesabu yale majibu yake yote ya mwezi mzima.

"Kumbe ulikuwa unaniuliza mambo?"

"Kila siku."

"Na mimi nilikuwa najibu nini?"

"Eeh."

Aliziba mdomo kwa kiganja chake kikubwa. Hadubini alijifanya anatafuta kalamu, akaandika ripoti papo hapo, amesimama: kifaa kilifunguliwa na mume wa mtumiaji bila mtumiaji kujua, kufungua huko hakukusababisha uharibifu, maji yaliingia kwa kasoro ya kitufe iliyotoka kiwandani, kina na muda vilikuwa ndani ya kiwango cha dhamana, mtumiaji alisema kweli. Muhuri alisoma, akabandua ile karatasi nyekundu, akaikunja na kuitia mfukoni. Kisha akagonga muhuri wa bluu ambao wino wake ulikuwa umekauka kwa kukosa kazi, ikabidi agonge mara tatu. Nakala ikatumwa idara ya maji. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

Muhuri alipokwenda kabatini kuchukua simu mpya, fundi cherehani alimfuata nyuma. "Samahani, mkuu, nimevumilia nimeshindwa. Hicho kifungo cha pili. Vua koti, dakika mbili." Sindano ilikuwa tayari imechomekwa kwenye ukosi wake.

Fundi bomba alibaki mezani. Aliokota skrubu moja, akaisogeza chini ya kioo, na kutazama utepe ulivyozungushwa kinyume. Alikuwa anatabasamu, na chozi limemfika kidevuni.

Laini ilihamishwa, simu mpya ikawashwa. "Sharti ijaribiwe," Muhuri alisema, koti lake likiwa limefungwa mpaka juu. "Mzee, toka nje kabisa, mpaka kwenye benchi, umpigie."

Mzee akatoka. Simu ikaita. Fundi bomba akaiweka sikioni, na karakana nzima ikanyamaza, hata sinki la chumba cha chai.

"Mama Pacha," sauti ilisema, safi kabisa, "jioni nipike nini?"

"Maharage. Na weka vitunguu vingi," alisema. "Na nikirudi, Baba Pacha, utakaa na mimi kwenye lile bomba la uani nikuonyeshe. Utepe unazungushwa kuelekea upande wa kukaza. Umenisikia?"

"Eeh," alijibu mumewe.